Betri Zikiisha, Malizia Wewe

Mama huyu alikuja mazoezini Jumanne moja ya Februari, mwaka juzi, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Kwaya yetu hukutana jioni katika jengo la usharika hapa Moshi mjini, na wageni wa benchi la nyuma si wageni kwetu: mmoja huja kusikiliza, mwingine huja kumvizia mwanakwaya anayedaiwa. Nilipomaliza kufundisha nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Nimekuja kuimba, ila sauti sina."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na mara nyingi ni adabu tu. Mtu anataka abembelezwe kidogo. Huyu alikuwa anatoa taarifa. Aliambiwa hana sauti mwaka 1985 akiwa na miaka ishirini na moja, akaamini, na tangu hapo alikuwa amesimama kuimba mbele za watu mara moja tu. Wiki kadhaa baadaye ndipo aliponieleza jambo la pili, tena kwa kulipitia juu juu: kwamba tangu akiwa darasa la pili hakumbuki siku aliyolala bila kuimba. Akiosha vyombo, akishona, akingoja daladala. Zaidi ya miaka hamsini, mtu asiye na sauti.

Ameniruhusu nikieleze kisa chake, jina tu akaomba niliache. Nimekichagua kwa sababu sisi walimu wa kwaya tunahangaika sana na swali la nani ana sauti, na kisa hiki kilinilazimisha niulize mtu alijifunzia wapi kuitumia.

Alizaliwa Machame mwaka 1964. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mama alishika kihamba: kahawa chini ya migomba, ng'ombe wawili bandani, mbuzi. Mwaka 1972, baada ya malipo ya kahawa, baba alishuka mjini akarudi na gramafoni ya betri na santuri mbili, zote za Mmarekani mmoja aitwaye Jim Reeves. Moja ilikuwa ya nyimbo za dini, nyingine ya mapenzi. Umeme haukuwepo kijijini. Gramafoni iliwekwa mezani chini ya kitambaa cha kufuma, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa, isipokuwa yeye, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyembamba na hakukwaruza santuri wakati wa kushusha sindano.

Wasomaji wa Kilimanjaro na Arusha sihitaji kuwaeleza huyo Jim Reeves ni nani. Muziki wa kantri huku kaskazini una wenyewe. Wapo wazee ambao hawajawahi kutoka nje ya nchi lakini watakuimbia Kenny Rogers, Dolly Parton, Don Williams na Skeeter Davis mpaka jogoo awike. Na Desemba ikifika, mabasi ya kutoka Dar yakianza kumwaga watu na maboksi, sauti nzito ya Jim Reeves akiimba Krismasi utaisikia dukani, baa na kwenye kinyozi, siku hiyo hiyo. Santuri yake ya Krismasi ilitoka mwaka 1963. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilianguka karibu na Nashville katika mvua ya radi, akafa akiwa na miaka arobaini. Kwa hiyo mtoto wa Machame alikuwa akimsikiliza marehemu tangu siku ya kwanza. Hakujua. Alikuja kuambiwa akiwa ameshaolewa, na anasema alisikia uchungu kama wa msiba wa jirani.

Kiingereza hakukijua. Santuri ya mapenzi ilikuwa na ule wimbo maarufu uliotoka mwaka 1959, "He'll Have to Go", ambao sentensi yake ya mwisho ndiyo jina lake. Yeye alisikia "ila mfugo". Akaridhika kabisa kwamba yule mzungu anaimba habari za mifugo, akawa anawaimbia mbuzi akiwapeleka majani. Wimbo wenyewe ni wa mwanamume aliye baa, anampigia simu mpenzi wake, anamwomba asogeze mdomo kwenye simu na amwambie yule jamaa aliye naye aondoke. Bibi yake, mzee wa kanisa asiyecheka ovyo, aliupenda mno na kuuombea urudiwe Jumapili, maana sauti ni ile ile ya santuri ya dini, basi nao alijua ni tenzi.

Kutoelewa maneno hakukumzuia mtu kuimba huku Afrika Mashariki, wala hakukuanza na yeye. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kenya wakimwimba "Chemirocha". Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika mpaka vijijini. Jina lilipinda mdomoni, na mwenyewe akageuzwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Waliishika sauti, habari wakaitunga wenyewe. Mtoto na "mfugo" wake alikuwa katika njia hiyo hiyo.

Lakini kupenda muziki si kupenda kuimba. Kaka yake aliyemtangulia miaka miwili alikaa sebule ile ile, akasikiliza santuri zile zile. Leo ana kantri tupu kwenye gari lake, maneno anayajua yote, tena kwa Kiingereza sahihi, na haimbi hata kwa mluzi. Nilipomuuliza alishangaa: "Mimi niimbe, mwalimu, wakati wenyewe wanaimba?" Jibu hilo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu lilinirudisha kwenye gramafoni.

Gramafoni ile ilikula betri kubwa sita. Betri zilikuwa ghali, na kuanzia vita ya Kagera, 1978, mpaka katikati ya miaka ya themanini hazikuonekana kirahisi, sawa na sabuni na sukari. Waliokuwepo wanakumbuka: betri zilianikwa juani juu ya bati, nyingine zilitobolewa, nyingine ziling'atwa. Zikishapata jua zilifufuka kwa wimbo mmoja, au nusu yake. Sahani ilianza kuzunguka vizuri, ikachoka, na kadiri ilivyochoka Jim Reeves naye akashuka. Sauti ambayo tayari ni nzito ikazama, maneno yakarefuka, mwishowe ikabaki kama ng'ombe anayekoroma, kisha kimya. Baba, amekaa na kikombe chake, macho yamefumba, alikuwa akisema neno moja kwa yule binti aliyesimama kando ya sindano:

"Malizia."

Naye alimalizia. Aliuanza wimbo pale ulipoishia, kwa sauti ile ile ya chini ulikozama, mpaka mwisho. Hakupigiwa makofi. Baba alifumbua macho, akasema "haya," akaenda kulala. Kaka hakuambiwa amalizie hata siku moja. Alikuwa msikilizaji, na kazi ya msikilizaji ilikwisha betri zilipokwisha. Binti yeye alikuwa sehemu ya chombo. Nimesikia wengi wakisema mtoto akipigiwa muziki mzuri atapenda kuimba. Katika nyumba hii muziki ulipigwa kwa wote, na aliyekuja kuimba ni yule aliyepewa ule upungufu aujaze.

Kuna jambo la kifundi hapa ambalo sikulitambua mpaka nilipokaa na kalamu. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Kasi ikipungua kwa karibu asilimia 6, wimbo unashuka nusu sauti, kama kutoka fa kwenda mi. Ikifika mzunguko wa mara 30, umeshuka karibu sauti nzima. Na betri zinazokufa haziishii hapo. Kwa hiyo sikio la mtoto huyu lilizoea nyimbo hizi chini ya mahali zilikorekodiwa, tena zikiwa polepole. Alipokuja kuisikia "Distant Drums" katika duka moja la kanda mjini, kwenye redio kaseti ya umeme, alimwambia muuzaji kanda ina kasoro, huyu mtu anaimba kama anakimbizwa na mbwa.

Sidai kwamba gramafoni ilimgeuza koo. Uzito wa sauti unatokana na urefu na unene wa nyuzi za sauti, na hizo mtu huzaliwa nazo. Ninachodai ni kidogo zaidi: mtoto mwenye sauti nzito, ambaye kila mahali pengine angeambiwa apande, alipata miaka minane nyumbani ambapo kazi yake ilikuwa kushuka.

Mwaka 1984 akajiunga na kwaya ya vijana. Mwalimu wa kwaya hiyo, simtaji, alikuwa na utaratibu ambao hata mimi nimewahi kuutumia, kwa aibu yangu: wasichana wengi sauti ya kwanza, waliobaki ya pili, wavulana wagawane ya tatu na ya nne. Binti mrefu, mwenye afya, akawekwa ya kwanza. Katika nyimbo nyingi za kitabu chetu sauti ya kwanza hufika mi ya juu, ambapo nyuzi za sauti zinagongana kama mara 660 kwa sekunde. Mwanamke akizungumza kawaida huwa karibu mara 200, na huyu nilipompima kwa programu ya simu alikuwa 160. Alisukuma. Alisukuma miezi kadhaa, kila Jumatatu akaamka sauti imekauka, akanywa tangawizi, akarudi. Siku mbili kabla ya mashindano ya kwaya sauti ikakatika kabisa, ukabaki mnong'ono. Mwalimu akamwambia mbele ya wenzake, "Dada, wewe sauti huna, ungejaribu kushona sare."

Akashona sare. Ndiyo kazi aliyoifanya mpaka leo, na anashona vizuri kupindukia.

Hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi, kwa sababu waimbaji wangu wengi wakivunjwa moyo namna hiyo huacha. Hukutana nao miaka kumi baadaye sokoni, wanasema "zamani nilikuwa naimba." Huyu alipoteza kwaya, hakupoteza kuimba. Nadhani ni kwa sababu kuimba kwake hakukuanzia jukwaani. Kulianzia sebuleni, jioni, kwa msikilizaji mmoja aliyefumba macho, na kwaya haikuwa na mamlaka juu ya sebule. Walichomnyang'anya ni kitu ambacho alikuwa amekipata mwaka mmoja tu uliopita.

Mara ile moja aliyoimba mbele za watu ilikuwa mazishi ya baba yake, kihambani, miaka ya tisini mwishoni. Hakupanga. Mchungaji alimaliza, kukawa na ule ukimya kabla ya koleo, naye akaanza wimbo wa ile santuri ya dini, chini, bila maiki. Waliokuwa hatua tano kutoka kaburini walisikia. Wengine walidhani familia inaomba.

Sasa nirudi kwenye makosa yangu. Nilimpokea, nikampima juu juu, nikamweka sauti ya pili, nikaona nimetenda haki. Wiki tatu nikamwimbisha kama nilivyofundishwa kuwaimbisha wote: simama wima, fungua mdomo, toa sauti, mtu wa nyuma kanisani akusikie. Wiki ya pili akawa amekauka. Wiki ya nne hakuja. Nikajisemea umri, maana sauti za wanawake hushuka baada ya hedhi kukoma, na hilo ni kweli, ila halikuwa jibu.

Jibu nililipata kwa suruali. Nilikuwa na suruali ya kukunja chini, nikampelekea pale anaposhonea, barazani mwa duka karibu na soko kuu, kwenye safu ile ya mafundi na vyerehani vyao vya miguu. Alikuwa amenipa mgongo. Mguu wake ulikuwa unakanyaga kwa mapigo ya tatu tatu, moja zito mawili mepesi, kama kantri nyingi za zamani zinavyokwenda, na alikuwa anaimba. Nilisimama na suruali mkononi. Ilikuwa sauti ya chini, pana, imetulia kama maziwa kwenye kibuyu, haikwenda popote, ilikaa pale kati ya mdomo wake na kitambaa. Mteja wa fundi wa pili yake alikuwa ameacha kubishana bei. Nikasikia anashuka mpaka sol ya chini ambayo vijana wangu wawili wa tena, yaani sauti ya tatu, huikwepa, naye akaikalia bila haraka.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka habari za Jim Reeves mwenyewe ambazo nilizijua siku zote na sikuwahi kuzitumia. Huyu bwana hakuanza na sauti ile. Nyimbo zake za mwanzo, kama "Mexican Joe" ya mwaka 1953, aliziimba juu na kwa nguvu, kama waimbaji wa kantri wa wakati wake walivyotakiwa. Alikuwa amewahi kuwa mtangazaji wa redio, na mtangazaji anajua maiki haihitaji kelele. Mwaka 1957, kwenye "Four Walls", alishusha sauti na kuisogeza midomo karibu kabisa na maiki, akaimba kama anayezungumza na mtu mmoja. Inasimuliwa kuwa mtayarishaji wake, Chet Atkins, mwanzoni aliuona ni wimbo wa kuimbwa na mwanamke. Mwanamume akapata sauti yake kwa kuacha kupaza, kwenye wimbo uliodhaniwa ni wa kike. Na mimi nilikuwa nimemchukua mwanafunzi wake, aliyejifunza kwake katika hali ya uzito kupita kiasi, nikawa namwambia apaze kwenye sauti ya wanawake.

Nikamwomba arudi, nikamweka sauti ya tatu.

Wanaume walinuna. Mwenyekiti wa kwaya alinivuta pembeni akaniambia mwanamke haimbi sauti ya tatu, haipendezi machoni, picha za sare zitaharibika. (Sare alizishona yeye.) Tulikubaliana asimame mwisho wa mstari wa tena, akipakana na sauti ya pili, mtu asijue yuko upande gani. Ufumbuzi wa kiswahili, lakini umefanya kazi. Ndani ya miezi miwili vijana wa sauti ya tatu wakaacha kukwepa sol ya chini, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuikalia. Yeye hakukauka tena hata wiki moja.

Yapo ambayo hayajakaa sawa. Nota za solfa hazisomi na hataki kuzisoma. Wimbo mpya ninamtumia kwenye simu, anausikiliza barazani siku mbili, anakuja nao. Hawezi kuimba haraka. Nikimpa wimbo wa kuchangamka anauburuza na mstari mzima unaburuzika naye. Maiki nayo ni ugomvi: Krismasi ya kwanza nilimpa ubeti peke yake, naye akaisogeza midomoni kama anavyotaka, fundi mitambo kila mara akaja kuivuta mbali kwa kuogopa mlio, mpaka nikamwita kijana pembeni nikamwambia punguza huko kwenye mashine yako, mama muache.

Binti yake, aliyesoma Kiingereza vizuri, amemtafsiria nyimbo karibu zote. Ule wa Dolly Parton wa mwaka 1971, wa koti ambalo mama yake alimshonea kwa vipande vya nguo, ulimliza. Alisema kumbe nao huko wana mafundi. Wa "mfugo" ulimchekesha mpaka akashika ukuta, halafu akauliza kama bibi yake huko aliko ameshaambiwa.

Agosti iliyopita tulikuwa mazoezini, beti ya tatu, umeme ukakatika. Kinanda kikanyamaza katikati ya neno. Kama kawaida kwaya ilichechemea, soprano wakachungulia taa, mtu akaanza kutafuta tochi ya simu. Kutoka mwisho wa mstari wa tena sauti moja haikusimama. Iliendelea pale pale wimbo ulipoishia, chini, bila haraka, na mmoja mmoja wakairudia, besi kwanza, ya pili wakafuata, mpaka tukamaliza wote gizani. Hakuna aliyepiga makofi. Umeme uliporudi nikagusa kinanda kupima tulipofikia. Tulikuwa tumeshuka nusu sauti kamili.

Nikamtazama. "Mama, umetushusha."

"Si betri zimeisha, mwalimu," akasema, akainama kutafuta miwani yake.